Nafasi ya Msichana wa Kwanza

Sitataja jina la mtu yeyote katika kisa hiki, na si kwa uvivu. Kwetu, huku chini ya Rwenzori, jina la nyumbani lina hesabu ndani yake. Msichana wa kwanza wa mama yeyote ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukikutana na mwanamke sokoni Bwera akakutajia jina lake, umeshajua ni wasichana wangapi waliomtangulia tumboni mwa mama yake. Hesabu humfuata mama, haimfuati baba. Na mtoto akifa, hata kama alikuwa na siku mbili tu duniani, nafasi yake hapewi anayemfuata. Kwa hiyo nikiandika majina, mtu wa Kasese, au wa ng'ambo ya mpaka, kule Butembo, ambako desturi ni hiyo hiyo, atafanya hesabu, na hesabu itamfikisha mlangoni kwa watu ambao nimeshawasumbua vya kutosha.

Mama yangu ana jina la msichana wa pili. Lakini kwa Bibi, aliyemzaa, yeye ndiye mkubwa. Nyuma yake yuko mjomba wangu na wadogo zao. Mbele yake hakuna mtu. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini. Alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa.

"Wa kwanza alikufa. Alikufa mdogo."

Basi. Mtu wa kwetu haulizi zaidi ya hapo. Nafasi tupu katika majina ya watoto ni kaburi, na karibu kila nyumba inayo moja. Tunalipita kimya kama tunavyopita kaburi lolote la kando ya njia.

Mimi sikulipita.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha fotokopi Bwera, kwenye barabara inayoshuka Mpondwe mpakani. Kompyuta hakuna aliyenifundisha. Nilinunua moja iliyokufa nusu, nikasoma kurasa za msaada neno kwa neno mpaka ikanitii. Hata hiki Kiswahili cha kuandikia nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na redio. Nyumbani tunasema Lhukonzo, na cha barabarani kila mtu anakijua ni cha namna gani. Mtu anayejifunza peke yake huwa na hofu moja isiyokwisha, kwamba kuna kosa mahali fulani ambalo wenye walimu wangeliona. Nilichapa barua ya mteja mara tatu kwa sababu pambizo ilizidi kwa upana wa kucha. Nilirudi kibandani kutoka nusu ya njia kuhakikisha kwamba nimefunga kufuli, nikarudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Wateja walinipenda kwa hilo. Mimi nilichoka kwa hilo.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakivuka kutoka upande wa Beni, huko Kongo, wakikimbia vita na magodoro kichwani. Ndugu zetu wa ng'ambo walitawanyika: wengine Bwera, wengine Kisinga, wengine hatukujua wako wapi. Mjomba wangu, anayeendesha lori lake kutoka Kasese, ndiye aliyenipa kazi.

"Wewe unajua kompyuta," aliniambia, lori likiunguruma nje ya kibanda. "Tutafutie njia ya kujua watu wetu. Nani amezaa nani, nani iko wapi. Mimi nimechoka kukutana na mtu Mpondwe, ananiita ndugu, na sijui ndugu ya wapi."

Nikapata tovuti ya mti wa ukoo. Mmoja anauanzisha, kisha anawaalika wengine, na kila aliyealikwa anaweza kuongeza mtu, kurekebisha, kufuta. Kila mtu ana kisanduku chake. Kulikuwa na sharti moja, nililisoma mara nyingi mpaka nikalijua kwa moyo: aliye hai hufichwa. Kisanduku chake huwa cha kijivu, na ni yule anayekisimamia tu, pamoja na jamaa zake wa karibu, wanaoona jina na tarehe. Aliyekufa hufunguliwa. Ukiweka alama kwamba mtu amekufa, jina lake, siku zake na picha zake huwa wazi kwa kila aliyemo katika mti.

Mti ulikua. Walipofika watu mia na arobaini nilianza kuuona hata nikifumba macho. Na hapa lazima nikiri. Mti ulikuwa wa wote, lakini mimi niliufanya wangu. Mjomba aliandika kila kitu kwa herufi kubwa, nami nilimfuata nyuma nikizishusha. Mtu fulani wa Kilembe aliandika "mzee sana" mahali pa tarehe ya kuzaliwa, nikafuta. Wakiandika, narekebisha, wakirekebisha nilichorekebisha, narudisha. Siku moja Mjomba alinipigia simu kucheka: "Kwa hiyo mti uko na polisi?" Nilicheka naye, kisha nikarudi kushusha herufi zake.

Vilivyonitesa zaidi ni visanduku vya kijivu vya Butembo. Huko alikuwako dada mkubwa wa Bibi, mzee sana, na chini yake kisanduku kimoja cha kijivu, binti yake wa pekee. Yule binti nilimjua: mwanamke mfanyabiashara wa vitenge aliyevuka siku za soko, akalala kwa Bibi Karambi, akamwita Bibi mama mdogo. Mimi nilimwita Mama mkubwa. Sikuwahi kujua jina lake la ubatizo. Kila mtu alimwita kwa jina la mtoto wake, kama ilivyo kawaida kwa mwanamke aliyezaa. Kisanduku chake kilisimamiwa na bintiye, msichana wa rika langu aliyekuwa akisoma huko, ambaye nilimjua kwa maandishi tu. Yeye hakurekebisha kitu cha mtu. Nilimwonea wivu kwa hilo.

Na upande wetu, juu ya Mama, palikuwa na ile nafasi.

Ilinikaa kama mwiba wa samaki. Kila nilipofungua mti, watoto wa Bibi walianzia na jina la pili, kama ngazi iliyokatwa kipandio cha kwanza. Nikamwambia Mama kwamba nataka kumwandika yule aliyekufa. Akasema, "Fanya, lakini usimsumbue Bibi yako." Nilitii nusu ya neno hilo. Sikumwuliza Bibi. Nilifanya kibaya zaidi.

Bibi alinituma nimtolee kitambulisho chake katika sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kanga iliyokunjwa mara nne, nilikuta kadi ya ubatizo. Bibi alizaliwa Mkatoliki Butembo, akasilimu alipoolewa na babu yangu, mfanyabiashara wa hapa. Kwa hiyo niliposhika kadi ya kanisa nilidhani ni yake. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto wa kike, mwenye lile jina la msichana wa kwanza, na jina la ubatizo, na siku ya kuzaliwa na ya kubatizwa, na parokia. Mahali pa mama paliandikwa jina la Bibi. Mahali pa baba palikuwa patupu.

Bibi alikuwa uani, akigeuza kahawa juu ya mkeka. Nilimsikia akiikokota kwa reki. Nilipiga picha, nikakunja kanga kama ilivyokuwa, mikunjo minne, nikatoka na kitambulisho.

Jioni ile nilijaza kisanduku. Jina, tarehe, mahali. Tovuti iliuliza: yu hai, au amekufa? Nikaweka amekufa. Nikaongeza: "akiwa mchanga". Nikaweka na picha ya kadi, kwa sababu kazi safi huwa na ushahidi. Ngazi ikawa nzima. Naona haya kusema nilivyofurahi. Pale pa baba palipokuwa patupu hata sikufikiri panasema nini juu ya Bibi, na kwamba sasa panasema mbele ya watu mia na arobaini.

Siku ya kumi na moja nikapata ujumbe kutoka kwa yule msichana wa Butembo. Nashukuru Mungu aliniandikia peke yangu, hakuandika kwenye ukurasa wa wote.

"Dada, bonjour. Huyu mutu munaandika alikufa, ile siku ya kubatizwa ni ya mama yangu. Jina ni ya mama yangu. Parokia ni yetu. Lakini mama yangu hajakufa. Iko hapa jikoni, anapika sombe. Munaua watu ku internet? Na juu ya nini mama yake wameandika bibi wa Bwera?"

Niliusoma nikiwa nimesimama. Mteja alikuwa akisubiri nakala ya cheti cha shule, akaniambia mashine imeishiwa karatasi. Kwanza niliiondoa picha. Kisha nikafuta kisanduku kizima. Tovuti haikubali kufuta hivi hivi. Inakudai sababu, na sababu yako inabaki pale ikisomwa na wote. Nikaandika neno moja: "Makosa."

Kabla ya adhuhuri kisanduku kilikuwa kimerudi, kwa herufi kubwa. Simu ikalia.

"Nani ametoa dada yetu?"

"Ni mimi, Mjomba. Palikuwa na kosa."

"Kosa gani? Nimesoma hapa, sababu, makosa. Dada yangu ni makosa?"

"Hapana, Mjomba, si yeye, ni..."

"Sikiza wewe mtoto. Mtoto akikufa mdogo anaombea mama yake huko mbele. Huyo ndiye sisi tuko naye mbele ya Mungu. Toka nikiwa madrasa mimi namtaja kwa dua, na sikuwa hata na jina yake ya kanisa. Juzi ndiyo nimeona jina. Sasa unafuta?" Nikasikia kijana wa mizigo akimwita na yeye akimkataza. "Nimemrudisha. Usiguse tena. Hata kompyuta iko na adabu."

Ningemwambia nini? Kwamba huyo anayemwombea yu hai, anauza vitenge, na kwamba alimbeba mara nyingi katika lori lake hadi mpakani, amekaa mbele karibu naye, wakibishana bei ya mafuta?

Nilichukua boda mpaka Karambi. Njiani nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia Bibi, nikayapanga upya, nikabadilisha lipi litangulie. Nilipomkuta uani nikayasahau yote.

"Bibi, nilifungua kanga."

Aliendelea kuokota punje mbovu za kahawa. Nikamweleza, na nikiwa mwenye hofu huwa naeleza kila kitu, hata kisichohitajika. Nilimweleza hadi rangi ya visanduku. Alisubiri nimalize.

"Ukapiga picha."

"Ndiyo, Bibi."

"Ukawaonyesha watu."

"Niliambiwa amekufa. Waliokufa hufunguliwa, ndiyo sheria ya..."

"Waliokufa hawana siri. Ndivyo ulivyofundishwa?"

Aliniambia nikae. Alianza kusema akitazama kahawa, si mimi, na alisema mara moja tu. Tangu siku ile hajarudia.

Alimzaa yule mtoto akiwa bado nyumbani kwa wazazi wake, kabla ya kuolewa. Baba wa mtoto hakumtaja, na safari hii sikuuliza. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa miaka sita bila mtoto, na watu wa mume walikuwa wameanza kumwambia afungashe. Wakakubaliana wawili, jikoni, yeye na dada yake, wala mwanamume hakuwepo.

"Alikuwa na miezi mitano. Jioni nilimpakata kama wangu. Asubuhi nikampakata kama mama mdogo. Mikono ni hii hii." Aliitazama, ikiwa na vumbi la kahawa. "Dada akasema, maadamu niko hai asijue. Nikasema sawa. Ni neno hilo moja tu aliloniomba maisha yake yote. Bado yu hai."

"Na Mama," nikasema, "kwa nini ulimpa jina la pili? Ungempa la kwanza, hakuna ambaye angehisi."

"Watu ningewadanganya. Tumbo ningelidanganyaje?" Akatupa punje mbovu mbali. "Nikampa mama yako jina lake la haki. Watu wakahesabu, wakaona kaburi, wakanionea huruma. Nikanyamaza. Huruma yao ndiyo iliyonifunika."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Bibi aliishi zaidi ya miaka hamsini chini ya kifuniko ambacho watu wa kwetu tu wanaweza kukishona, na mimi, mtu wa kwetu, nilikifunua nikidhani napamba kaburi.

Nilimwuliza nifanye nini na kisanduku. Nikikifuta, Mjomba atakirudisha na kuuliza kwa nini. Nikiacha, ni uongo.

"Kiache."

"Lakini si kweli, Bibi."

"Mimi nimekaa nao muda gani? Wewe kaa nao kidogo." Kisha akauliza lililokuwa likimuuma tangu mwanzo. "Yule mtoto wa Butembo amemwambia mama yake?"

"Bado, nafikiri."

"Mwambie dada yangu bado anapumua."

Niliyaandika maneno hayo vile vile, bila kuongeza. Jibu lilikuja kesho yake.

"Nitafunga kinywa. Lakini ujue, dada, bibi yangu huyu namuogesha mimi kila siku. Sasa nikimuogesha naangalia chini. Weye ulitaka kujaza sanduku. Ni mimi ulijaza."

Nimepokea lawama nyingi maishani, nyingi nilijipa mwenyewe. Hakuna iliyonistahili kama hiyo.

Ikapita miezi. Kisanduku kilibaki palepale katika mti, kwa herufi kubwa za Mjomba, nami sikuzishusha. Kila nilipofungua ukurasa kilinitazama. Sikujua kwamba mtu anaweza kuzoea kosa analoliona kila siku. Sikulizoea, lakini nilijifunza kufanya kazi nyingine nikiwa nalo. Niliacha kuwafuata ndugu zangu nyuma. Yule wa Kilembe akaandika tena "mzee sana". Nikamwacha na mzee wake.

Mama mkubwa aliendelea kuvuka siku za soko. Nilianza kuona mambo ambayo yalikuwa mbele yangu miaka yote. Wageni wengine Bibi huwasindikiza hadi barabarani. Mama mkubwa, Bibi alimsindikiza mpaka daraja la mpakani, mguu ukimuuma, akasimama mpaka yule avuke na mtandio wake upotee kati ya watu. Nikimwona anakuja upande wa kibanda changu nilijifanya natafuta kitu chini ya meza. Siku moja sikuwahi.

"Mutoto, unifanyie mbili ya hii," akaweka kitambulisho chake juu ya mashine. Nilikishika. Jina la ubatizo. Siku ile ile ya kuzaliwa. Karatasi ilitoka imepinda, nikaitupa, nikatoa nyingine, nayo ikapinda.

"Mbona unaharibu karatasi? Haiume."

"Ni joto, Mama mkubwa."

"Joto gani, na mvua iko inakuja." Akachukua kitambulisho chake. "Uolewe. Mashine itakuzeesha." Akaondoka akicheka, na karatasi mbili zilizonyooka.

Mwaka uliofuata dada yake Bibi alifariki. Bibi na Mama walivuka kwenda kuzika. Waliporudi, ujumbe wa yule msichana ulikuwa umenifikia, neno moja: "Sasa?" Nikaupeleka Karambi. Moyoni nilitaka jambo liishe siku hiyo. Kama kuna kitu kinanishinda ni jambo lililoachwa wazi.

Bibi alikuwa bado amevaa nguo za safari.

"Mtu hafiwi na mama akapewa mama mwingine siku hiyo hiyo," akasema. "Amlie kwanza mama yake. Matanga yaishe. Nywele alizonyoa msibani ziote."

Tukangoja. Nywele zilipoota, Bibi mwenyewe alimwita.

Alikuja na bintiye. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona yule msichana: mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Tulisalimiana kama watu waliokwisha kugombana na kupatana. Bibi aliingia ndani na Mama mkubwa, akaegesha mlango. Sisi wawili tulibaki uani na sinia la maharage. Zamani ningetafuta sababu ya kupita karibu na dirisha, kuchukua kisu, kuchukua maji. Nilikaa. Sikusikia neno. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha kiti tena. Mwenzangu alikuwa akitupa maharage mazima na kubakiza mabovu, nami sikumwambia.

Mama mkubwa alitoka kwanza. Macho yalikuwa mekundu. Alinijia moja kwa moja, akasimama mbele yangu.

"Ni weye uliniua?"

Nikapiga magoti. "Nisamehe, Mama mkubwa."

"Simama. Mutu alikufa atasamehe namna gani?" Akacheka, kicheko kifupi, na kabla hakijaisha kikageuka kilio, akajifuta kwa pembe ya kitenge. "Onyesha. Nione kaburi yangu."

Nilimpa simu. Alisoma polepole, akisogeza kwa kidole: jina lake, siku yake, akiwa mchanga. Kisha bintiye akamfungulia yake, pale alipokuwa hai chini ya mama aliyemzika, ambaye sasa kisanduku chake kilikuwa wazi kwa wote. Akaziweka simu mbili juu ya sinia la maharage, moja huku, moja huku.

"Mimi ni huyu," akasema, akigusa ya bintiye. "Mama yangu ni ule alinifunga mugongoni. Umuache pale." Aligeuka kidogo kuelekea mlangoni. "Huyu wa ndani, tutajuana naye. Nitakuja, atanipikia, nitamupikia. Lakini si ku simu. Si mbele ya batu."

"Na hiki kisanduku?"

"Kitoe."

Nikamweleza kwamba tovuti itadai sababu, kwamba wote wataisoma, na kwamba mara ya kwanza nilipofuta Mjomba alikirudisha.

Alifikiri. "Andika: mwenyewe amekataa."

Maswali kumi yalinijia kwa pamoja. Watasema mfu anakataaje. Watauliza. Mti utabaki na ngazi iliyokatika, na nitakuwa nimeikata mimi, nikijua kipandio kiko wapi. Niliandika maneno yale mawili kama alivyoyasema. Nikabonyeza.

Kutoka ndani Bibi aliita, akitaka nimpigie Mjomba. Nikabonyeza namba, nikampa simu mkononi, nikatoka na kuegesha mlango nyuma yangu. Alizungumza na mwanawe kwa muda ambao sikuupima.

Kesho yake nilifungua mti. Watoto wa Bibi walianzia na jina la pili. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mjomba hakukirudisha kisanduku.

Ijumaa, baada ya swala, lori lake lilisimama mbele ya kibanda changu. Kwa kawaida huruka chini na kuanza kutania kabla injini haijazimika. Safari hii hakushuka. Alishusha kioo, kofia ya swala ingali kichwani.

"Huyo dada yetu," akasema, "anavuka saa ngapi, siku ya soko?"

"Kabla ya saa nne, Mjomba."

Aliitikia kwa kichwa, akatazama barabara inayoshuka mpakani, mkono juu ya usukani.

"Basi nitakuja bila mzigo," akasema.